Shahidi wa Pili wa Mwalimu Haidari

Mwaka umetimia, Haidari, tangu Jumamosi ile ulipotoka nyumbani, mtaa wa Bakoba, na mkoba wa karatasi begani, kofia yako nyeupe kichwani, ukatuambia utarudi kabla ya magharibi. Kurudi ulirudi. Ulirudi nyuma ya pikapu, umefunikwa khanga ya binti yako Farida, na khanga yenyewe haikujulikana tena ilikuwa ya rangi gani.

Wenzetu wakitoa kumbukumbu gazetini huweka picha na maneno matatu manne matamu, basi. Sisi hatuwezi. Anayeshika kalamu kwa niaba ya nyumba yako ni dada yako Mastura, na mdomo wake unaujua tangu utotoni. Wasomaji watuvumilie. Tuna neno la kusema mbele yao, na tumechelewa mwaka mzima kulisema.

Kwanza wajue ulikuwa nani. Ulifundisha historia hapa Bukoba miaka thelathini na mbili, na nusu ya watu wazima wa mji huu uliwahi kuwafinya sikio kwa kusema "inasemekana" bila kusema nani kasema. Mwaka 1983 ulipelekwa kusoma China. Wenzako walisomea reli, wengine udaktari, wakarudi na kazi za kueleweka. Wewe ukaangukia kwa kizee kimoja kifupi, Profesa Meng Boren, mwanahistoria. Tulikucheka sana. Marehemu mama aliuliza, "Sasa huyo mtoto ataandika habari za wafalme wa Kichina, atakula nini?"

Ulikula ualimu, na jioni zako zote ukampa Profesa Meng. Miaka thelathini uliandika kitabu juu yake kwa Kiswahili, kwenye madaftari ya dukani kwa Thakorbhai, maneno yake kwa wino mweusi na yako kwa wino mwekundu. Ulikuwa ukitafuna kahawa huku unaandika, na maganda ya akamwani, kahawa hiyo ya kutafuna, tunayakuta hadi leo katikati ya kurasa. Salma mkeo hataki tuyatoe.

Tulimjua huyo mzee kama jirani. Alilelewa na babu yake, aliyemkalisha chini akariri vitabu vya kale vya kwao neno kwa neno, akikosea anachapwa kwa ufito wa mwanzi. Kisha akaenda Paris, akafundishwa kutokiamini kitabu chochote mpaka akihoji: nani kaandika, lini, kwa faida ya nani. Aliporudi, wazee wa kwao wakamwona Mzungu wa kujipaka, na Wazungu wakamwona hodari wa kukariri tu. Akabaki hapo katikati maisha yake yote, anagombana na pande zote mbili.

Kanuni yake uliileta nyumbani, ukatutesa nayo. Kila jambo liwe na mashahidi wawili wasiofanana, tuseme mmoja wa maandishi na mwingine wa ardhini au wa midomoni mwa watu, na wakiafikiana ndipo uandike. Ulisema maalimu wetu wa madrasa, aliyedai mnyororo wa wapokezi kwa kila hadithi, angekaa mkeka mmoja na Profesa Meng wakaelewana vizuri. Sukari ikipungua koponi, Salma akisema ni Farida kalamba, wewe huyo, miwani puani: "Shahidi wa pili nani?" Mtoto akakua anajua kulamba sukari peke yake.

Ila kuna sura moja ya kitabu chako ambayo hukuwahi kutusomea kwa sauti. Farida aliisoma ulipokwisha kuzikwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Profesa Meng walimtoa ofisini wakimburuta kwa ukosi, wakampigisha magoti juu ya vigae vilivyovunjika, wakachoma kadi zake za utafiti, kazi ya miaka thelathini, mbele ya macho yake. Mmoja akachukua mguu wa kiti akampiga nao mkono wa kulia mpaka mfupa ukatokeza. Profesa alimjua aliyempiga. Alikuwa mtoto wa dada yake.

Hakumtaja mbele ya watu hata siku moja. Mila za kwao zilimfundisha kwamba ndugu humsitiri ndugu, na walimu wake wa Paris walimfundisha kwamba anayejua hutaja. Alipobanwa alijificha nyuma ya kanuni yake mwenyewe, akasema, "Shahidi wa jambo hilo ni mmoja tu, ni mimi, na mimi nina hasira." Mpwa akaishi kwa raha, akapanda cheo, akabeba jeneza la mjomba wake. Pembeni ya ukurasa huo umeandika kwa wino mwekundu: "Hapa mwalimu wangu alikosea. Hakumtafuta shahidi wa pili kwa sababu aliogopa kumpata."

Sasa tuje kwetu.

Sura ya mwisho ulitaka kuijaribu kanuni ya mzee juu ya kitu unachokijua, ukachagua kibanja chetu cha Kaagya, shamba letu la migomba na kahawa. Baba yetu Ayubu alituambia siku zote kwamba Babu Haruni alizawadiwa kibanja kile na mtemi, kikiwa kichaka kitupu, hakuna hata mgomba. Ukaenda Rubya, ambako Farida anafundisha, mkakaa siku nne na daftari la padri mmoja wa zamani, Farida anapiga picha, wewe unasoma Kifaransa ulichojifunza kwa ajili ya Profesa Meng. Padri aliandika mistari sita. Kwamba huko Kaagya nyumba ya mtu aitwaye Kyaruzi ilichomwa moto mchana, naye akatoka mbio nguo zinawaka, akachomwa mkuki migombani na Haruni, ndugu yake wa omukago. Yaani walikuwa wamekwisha kugawana buni mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake, wakaapa kutodhuriana.

Shahidi wa maandishi huyo. Wa pili ulimpata bila kwenda mbali. Mzee Mwijage, aliyepalilia kahawa yetu kwa kibarua miaka arobaini, ni mjukuu wa Kyaruzi. Alikueleza yale yale kama alivyoyapata kwa bibi yake, ambaye usiku wa msiba alilala porini na mtoto mgongoni, na akakuonyesha chini ya nyasi mahali mafiga ya bibi yalipobaki. Jamani, miaka arobaini mtu analima makaburi ya kwao, sisi tunampa kikombe cha uji na kumwambia asiharibu matawi.

Profesa Meng alikufundisha na jambo jingine: kabla hujachapa, msomee kwanza yule ambaye habari inamgusa. Aliyeguswa ni Faruku, mdogo wako, mtoto wa mama yako, anayekaa kwenye kibanja hicho na mkewe Mwamvita. Dada yako alikuonya. "Haidari, usiende. Faruku unamjua, akikasirika haoni. Mpigie simu."

Ukacheka. "Dada, mtu hasomewi habari za babu yake kwenye simu."

Hiyo ndiyo iliyokuua, adabu yako.

Wewe na Farida mlifika Kaagya baada ya adhuhuri. Mwamvita akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, ukachukua mbili, ukamtania kwamba ni mbichi. Ukamtuma Farida na Mzee Mwijage waende mwisho wa shamba wakayasafishe mafiga na kuyapiga picha, wewe ukabaki barazani na mdogo wako, ukavaa miwani, ukaanza kusoma. Farida alikuwa amepiga magoti, anakwangua udongo kwa kijiko, Mzee Mwijage kashika jembe pembeni yake anamwambia, "Polepole, mwana wange, hilo la kushoto lina ufa." Ndipo wakasikia sauti yako. Mara moja tu. Halikuwa neno.

Mzee alitupa jembe akakimbia mbele, na uzee wake wote. Farida alipofika alikukuta ukingoni mwa baraza, mkono wa kulia umening'inia kwa ngozi, shingo imefunguka, damu inaruka kila unapovuta pumzi. Mzee Mwijage alikuwa amekupakata kichwa, anaziba kwa viganja, shati lake lote jekundu. Faruku alikuwa amesimama mlangoni mikono mitupu. Akapiga yowe: "Jamani njooni! Mwijage kamuua kaka yangu! Anataka shamba!"

Watu wakaja, wakaona mzee mwenye damu, wakaamini. Walimpiga kwa fito, kwa mawe, kwa mipini ya majembe. Taya lilivunjika, mbavu zikavunjika, jicho la kushoto likapasuka. Farida alimlalia juu akilia, "Nilikuwa naye! Nilikuwa naye mimi!" Mpini mmoja ukamshukia begani, na leo mwanao akiandika ubaoni mkono haupandi juu ya kichwa. Polisi walipofika walimwokoa Mzee Mwijage kwa kumtia pingu. Wewe ulikata roho kwenye pikapu kabla ya kuona lami, kichwa mapajani mwa binti yako.

Sasa tunayoyasema yanatutia aibu, lakini wewe ulitaka kila kitu kiandikwe. Kwenye mazishi Faruku alishika jeneza upande wa kichwani. Aliingia kaburini, akakupokea kwa mikono ile ile. Aliporudi nyumbani kushika mikono ya wafiwa, Farida alisimama katikati ya wanawake akasema, "Baba mdogo, Mzee Mwijage alikuwa na mimi. Wewe ndiye uliyebaki na Baba." Dada yako Mastura, huyu huyu anayeandika, akamzaba kofi lililosikika hadi uani. Akamwambia, "Funga mdomo. Hata kama ni kweli, mambo ya nyumba hayatolewi nje."

Salma alisikia hayo, akainamisha kichwa. Wajomba walikwenda polisi kueleza kwamba mtoto amechanganyikiwa kwa majonzi. Muhoro uliokukata, ule wa kupogolea migomba, haukuonekana, na karatasi zako hazikuonekana. Polisi walimwambia Farida wazi: neno lako ni moja, la baba yako mdogo ni moja, na mwenye damu shatini ni mwingine. Mzee wa miaka sabini na mmoja akakaa rumande kwa kosa la kukuziba damu.

Miezi minane mwanao alibeba hilo peke yake. Sisi tulimpikia, tukamwosha bega, tukamwombea dua, na hatukumwamini, au tulimwamini tukaogopa. Lipi kati ya hayo, Mastura hawezi kuapa. Alikuwa akimpelekea Mzee Mwijage ndizi za kupondaponda, maana taya halikutafuna tena. Mzee alimuuliza kila mara kwa ulimi mzito, "Shahidi wa pili je?" Na wewe ndiye uliyemfundisha swali hilo, Haidari. Farida alikuwa akitoka pale analia barabarani kama kichaa.

Siku moja akarudi kwenye madaftari, akaifikia ile sura ya mkono uliovunjwa, akasoma wino wako mwekundu. Alikaa nayo magotini asubuhi nzima. Kisha akaiambia nyumba, "Mimi namjua shahidi wa pili. Tunamjua sote. Tunaogopa kumpata." Mastura akajifanya hakusikia, akaendelea kuchambua mchele usio na mchanga.

Mwamvita huuza ndizi sokoni Bukoba kila Jumatano. Farida akawa anaomba ruhusa shuleni, anapanda basi kutoka Rubya, anakaa chini kando ya mikungu ya mama yake mdogo na kumsomea. Hakumuuliza kitu. Alimsomea habari za Profesa Meng tu, ufito wa babu, Paris, kadi zinazoungua, mguu wa kiti. Mwamvita alimfukuza Jumatano ya kwanza. Ya pili akamwambia, "Niache, Farida, nina watoto wanne." Ya tatu alimwacha asome, akasahau kumrudishia mteja chenji.

Kuna aliyemfikishia Faruku habari. Alimlaza mkewe mkono juu ya jiwe la kusagia akamvunja vidole vitatu kwa mchi, kimoja baada ya kingine, anamuuliza kila mara, "Umesema nini? Umesema nini?" Alikuwa hajasema kitu.

Jumatano iliyofuata Mwamvita alikuja sokoni mkono umefungwa kitambaa. Farida alipofungua daftari, Mwamvita akaweka ule mkono juu ya ukurasa.

"Yule mzee wa China," akasema, "mkono wake ulipona?"

"Haukupona, Mama mdogo. Alijifunza kuandika kwa wa kushoto."

"Na yule aliyemvunja?"

"Hakutajwa. Alibeba jeneza lake."

Mwamvita akatazama ndizi zake. Akainuka, akaziacha pale pale chini pamoja na mizani aliyoazima. "Twende polisi kabla sijageuka," akasema.

Ndiye aliyekuona, Haidari. Alikuwa mlangoni na kikapu cha kahawa. Anasema ulisoma mpaka mahali pa mkuki, ukainua macho, ukamwambia mdogo wako, "Faruku, hili si lako wala langu, tulizaliwa tukalikuta. Lakini tukinyamaza litakuwa letu." Faruku akaingia ndani akatoka na muhoro. Pigo la kwanza ulilikinga kwa karatasi na mkono. La pili lilikukuta shingoni. Kisha akamrushia mkewe muhoro na karatasi, akamwambia azike, na asipozika atazikwa yeye.

Mwamvita aliwapeleka askari nyuma ya jiko, kwenye shina la mgomba wa tatu kutoka ukutani. Akaomba jembe. Askari alitaka kumsaidia, akakataa, akachimba kwa mkono wa kushoto. Faruku alipotokea na kuona shimo alimrukia akamkaba koo mbele ya askari wenyewe, wakahitajika watu wanne kumbandua na kumtia pingu, na mmoja wao aling'atwa kidole hadi mfupani. Mwamvita alipopata pumzi alirudi kwenye shimo, akaendelea kuchimba. Muhoro ulitoka na kutu yake, umezungushiwa sura yako ya mwisho. Wino mwekundu na damu vilikuwa vimeingiana, lakini Farida anaujua mwandiko wako.

Shahidi wa mdomoni na shahidi wa ardhini, Mwalimu, kama ulivyotaka.

Mzee Mwijage alitoka rumande na jicho moja. Alikuja Bakoba kwa miguu kutoka stendi, kwa fimbo, tukajipanga uani hatujui pa kuweka nyuso zetu. Mastura alipiga magoti. Tulimpa karatasi tuliyoitia saini sote mbele ya mwenyekiti wa kijiji: kibanja cha Kaagya, kuanzia mafiga hadi barabarani, ni cha watoto wa Kyaruzi. Aliishika karatasi bila kuisoma. Mastura, kwa kuchanganyikiwa, akasema kama wazee wangetaka ule omukago uliovunjwa uliwe upya, wembe upo.

Mzee alichukua tunda moja la kahawa kikapuni, akalipasua kwa kucha. Buni moja akampa Farida, ya pili akatia mdomoni, akaigeuzageuza upande wa taya zima.

"Wembe rudisheni," akasema. "Damu imetosha."

Kitabu chako kimekwenda kuchapwa. Sura ya mwisho imeongezwa kurasa tisa, na aliyeziandika ni Farida. Juu ya Profesa Meng hatukubadilisha neno lako, wala lile la pembeni. Tunaambiwa tungengoja hukumu. Mahakama itasema yake kwa wakati wake, nasi tunasema tuliyoyaona. Tunaambiwa pia kwamba haya ni ya ndani. Tulikaa nayo ndani miezi minane, yakala uhuru wa mzee na vidole vya mwanamke.

Basi tunaandika, kwa wino mweusi: Mwalimu Haidari Ayubu Haruni wa Bakoba aliuawa na mdogo wake, Faruku Ayubu, kwenye baraza la nyumba ya baba yao, kwa kusoma habari za kweli. Hakuuawa na Mwijage.

Wanaokukumbuka ni mkeo Salma; binti yako Farida, shahidi wa kwanza; dada yako Mastura, aliyempiga kofi na ambaye mkono huo haujampoa; Mzee Mwijage, mjukuu wa Kyaruzi, aliyekuziba damu kwa viganja; na shemeji yako Mwamvita, shahidi wa pili, aliyetia saini hapa kwa mkono wa kushoto.

Upo nasi, Haidari, siku zote. Safari hii hatukumsitiri aliyekuua.